Nguvu Nyingi Si Shabaha: Tuliza Presha ya Pampu Yako

Mkulima, pampu ya dawa unayoibeba mgongoni ni mashine. Wengi wetu twaiona kama debe lenye mpini. Yanunuliwa, yatiwa maji na dawa, yavaliwa mabegani, na kazi yaanza. Siku dawa isipofanya kazi, lawama humwendea mwenye duka, au kampuni iliyotengeneza dawa, au mvua. Ni nadra kumsikia mtu akisema, "Leo nitaipima pampu yangu kabla ya kumlaumu mtu."

Maoni yetu ni haya. Dawa nyingi hupotea shambani kwa sababu presha ya pampu haitulii. Mara inapanda, mara inashuka. Kisha mkulima hujaribu kuponya kosa hilo kwa kupiga mpini kwa nguvu zaidi, au kwa kuongeza dawa katika mtungi. Njia zote mbili ni hasara. Dawa ya kosa hilo ni presha iliyotulia, iliyopimwa, na inayojulikana na yule anayeibeba pampu.

Hatusemi kwamba dawa bandia hazipo. Zipo, na zimewaumiza watu. Halmashauri inayosimamia dawa za wadudu na magugu, iitwayo PCPB, iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kila dawa halali hubeba namba yake ya kusajiliwa kwenye karatasi ya chupa. Itazame namba hiyo, na udai risiti. Lakini dawa halali ikitoka katika pampu isiyotulia haina tofauti kubwa na dawa bandia. Mstari mmoja wa viazi utalewa dawa, na mstari wa pili utaonja tu.

UPEPO NDANI YA PAMPU

Yafaa kwanza tuelewe kinachosukuma dawa. Si mkono wako. Mkono wako hushindilia upepo, na upepo ulioshindiliwa ndio unaosukuma dawa mpaka kwenye nozo, yaani ile ncha ndogo iliyo mwisho wa fimbo.

Pampu za mgongoni ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya mpini, ambayo unaipiga huku ukitembea. Ndani yake mna chumba kidogo cha upepo. Kila ukipiga mpini, dawa huingia katika chumba hicho na kuubana upepo, na upepo hufanya kazi kama springi: hutuliza mapigo ya mpini ili dawa itoke kwa mfululizo. Pampu ya pili ni ile unayoijaza upepo kwanza, kisha unatembea bila kupiga mpini mpaka presha iishe.

Sasa tazama hesabu ya pampu hii ya pili. Mwaka 1662 mtaalamu Robert Boyle aliandika kwamba upepo ukipewa nafasi mara mbili, presha yake hupungua kuwa nusu. Tuseme mtungi wako ni wa lita 10. Umetia lita 7 za dawa na kuacha lita 3 za upepo, ukapampu mpaka geji ikasoma bar 3. (Bar moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja ukikandamiza sentimita moja ya mraba. Gurudumu la gari dogo hujazwa kama bar 2 na kidogo.) Ukisha kupiga lita 3 za dawa, upepo umepata nafasi ya lita 6, yaani mara mbili. Ukihesabu pamoja na presha ya hewa inayotuzunguka sote, ambayo ni karibu bar moja, geji yako sasa itasoma kama bar 1 tu. Na dawa inayotoka kwenye nozo imepungua hata haifikii sehemu sita katika kumi za ile iliyotoka mwanzoni.

Wewe hukuona kitu. Ulitembea mwendo ule ule, mkono ukashika fimbo ile ile. Lakini mistari ya mwisho ilipata karibu nusu ya dawa iliyopata mistari ya kwanza. Wiki mbili baadaye ugonjwa wa ukungu ukianza katika mistari ile ya mwisho, utasema dawa ilikuwa mbovu.

MFANO WA BUNDUKI YA UPEPO

Kuna watu wengine ambao hufanya kazi na upepo ulioshindiliwa, nao wamejifunza jambo ambalo latufaa sisi. Hao ni wenye kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo. Bunduki hiyo haina baruti. Upepo uliobanwa ndani ya mtungi mdogo husukuma kirisasi chenye upana wa milimita 4.5 au 5.5.

Mtu asiyeijua bunduki hiyo hudhani kwamba akijaza upepo mwingi kabisa, atapiga sawasawa zaidi. Sivyo. Katika nyingi za bunduki hizo, presha ikizidi, upepo huikandamiza vali isifunguke vizuri, na kirisasi hutoka polepole. Presha ikishuka kidogo, mwendo hupanda, kisha kwa muda fulani virisasi hutoka kwa mwendo ulio karibu sawa. Baadaye upepo hupungua mno, na mwendo huanguka. Risasi iliyokwenda kasi hugonga juu, iliyokwenda polepole hugonga chini, ingawa mpigaji alilenga mahali pale pale.

Basi mpigaji mwenye akili hupima mwendo wa kila kirisasi, huandika kitabuni, na kutafuta presha ambayo mwendo wake haubadiliki. Anaanzia hapo, na kabla haijashuka mno anajaza tena. Wengine hutia kidhibiti, chombo kidogo kinachopitisha upepo kwa presha moja tu, hata kama mtungi una presha kubwa zaidi.

Katika michezo ya Olimpiki, shindano la bunduki ya upepo la mita 10 lilianza mwaka 1984. Bunduki zinazotumika huko si zenye nguvu nyingi. Lakini alama ya katikati ambayo mpigaji huilenga ina upana wa nusu milimita tu, kama nukta ya kalamu. Mwaka 2008 mjini Beijing, Abhinav Bindra aliiletea India medali yake ya kwanza ya dhahabu ya mtu mmoja katika shindano hilo. Chombo cha nguvu ndogo, lakini kisichobadilika, ndicho kinachofikisha risasi mahali pake.

Mkulima, pampu yako ni ndugu ya bunduki hiyo. Nayo ina presha iliyo nyingi mno, presha iliyo kidogo mno, na mahali pa katikati palipotulia. Kazi yako ni kupatafuta mahali hapo na kukaa hapo.

MADHARA YA NGUVU KUPITA KIASI

Presha ikishuka, dawa haienei. Hilo ni rahisi kuelewa. Lakini wakulima wengi hawajui kwamba presha ikizidi, madhara ni makubwa vilevile.

Presha kubwa huivunja dawa iwe ukungu mwembamba. Ukungu huo hauangukii majani. Huelea na kufuata upepo wa shambani. Mashamba yetu si makubwa kama yalivyokuwa wakati mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962. Kinangop, Ol Kalou, Lugari na kwingineko, vipande vya mwanzo vimegawiwa watoto na wajukuu, na mpaka wa jirani uko hatua chache tu. Dawa ya kuua magugu ikielea kutoka kwako na kuchoma mahindi ya jirani, umeanzisha kesi ambayo chifu na wazee watakaa nayo siku nyingi. Ukungu huo huo huingia puani mwako, na huanguka juu ya nyuki wanaochavusha maua ya shamba lako mwenyewe.

Tena nguvu haileti dawa kama unavyodhani. Ukitaka nozo ile ile itoe dawa mara mbili, yakupasa kuongeza presha mara nne. Nozo zilizotengenezwa kwa kanuni ya kimataifa zina rangi. Ya manjano hutoa kama mililita 800 kwa dakika presha ikiwa bar 3. Ukitaka itoe mililita 1,600, presha ingebidi ifike bar 12, na hakuna pampu ya mgongoni ya mkono itakayofika huko salama. Lakini nozo nyekundu hutoa mililita 1,600 kwa bar zile zile 3. Kwa hiyo anayetaka dawa zaidi abadilishe nozo, auache mkono wake upumzike.

JINSI YA KUIPIMA PAMPU

Kazi hii yahitaji maji safi, jagi lenye alama za mililita, saa au simu, kalamu na karatasi. Usiifanye kwa dawa hata kidogo. Kwanza ioshe pampu mara tatu, na maji ya kuoshea yasimwagwe karibu na mto wala kisima.

Jaza mtungi kwa maji safi. Yule atakayepiga dawa shambani ndiye aibebe pampu, maana mkono wa kijana na mkono wa mzee si mmoja. Aingize nozo katika jagi, afungue kwa dakika moja kamili huku akipiga mpini kwa mwendo wake wa kawaida. Andika kiasi kilichotoka. Rudia maji yakiwa nusu ya mtungi, kisha yakiwa karibu kwisha.

Sasa soma karatasi yako. Kama umeandika 790, 800 na 780, pampu imetulia, na mpigaji ametulia. Kama umeandika 900, 760 na 560, usiende shambani. Kuna jambo la kutengeneza kwanza.

Anza na mpigaji. Ahesabu mapigo ya mpini: pigo moja kwa kila hatua mbili, au kwa kila hatua tatu, mradi asibadilishe. Pimeni tena. Mara nyingi hilo peke yake latosha. Kama halitoshi, tazama washa na mpira wa ndani kama umechakaa, tazama hosi kama inavuja, na uoshe chujio. Kama pampu ni ile ya kujazwa upepo kwanza, usiujaze mtungi dawa mpaka juu. Acha robo au theluthi kwa ajili ya upepo, na usingoje presha iishe. Simama mara kwa mara ukaongeze upepo.

Iko pia vali ndogo ya kutuliza presha, ambayo hufungwa kwenye fimbo karibu na nozo. Ni ndugu wa kile kidhibiti cha bunduki ya upepo. Presha ikizidi huibana, presha ikiwa kidogo mno huzuia dawa isitoke kabisa. Kama kikundi chenu kinaweza kununua kitu kimoja tu mwaka huu kwa ajili ya pampu, twaona vali hiyo inafaa kuliko pampu ya pili.

HESABU YA MTUNGI NA EKARI

Pampu ikisha kutulia, pima shamba. Chora uwanja wa mita 10 kwa mita 10 penye mimea. Huo ni karibu sehemu moja katika 40 za ekari. Piga maji safi kama vile unavyopiga dawa, kisha angalia mtungi umepungua lita ngapi.

Tuseme zimetumika lita 4. Mara 40 ni lita 160 kwa ekari, yaani mitungi 8 ya lita 20. Kama karatasi ya dawa yasema mililita 400 kwa ekari, basi kila mtungi utatiwa mililita 50. Hesabu imekwisha.

Sasa tazama pampu isiyopimwa. Nozo yake imechakaa, na uwanja ule ule unakula lita 5. Hiyo ni mitungi 10 kwa ekari. Mwenye pampu bado anatia mililita 50 kila mtungi kwa sababu amezoea. Ametumia mililita 500, robo zaidi ya iliyoandikwa, na pesa hiyo imemwagika udongoni. Jirani yake presha yake iko chini, uwanja unakula lita 3. Hiyo ni mitungi 6, na mililita 300 tu. Amepunguza dawa kwa robo bila kujua. Wote wawili wamenunua chupa moja katika duka moja. Mmoja atasema dawa ni ghali, mwingine atasema dawa haina nguvu.

Kama karatasi yataja kipimo kwa lita 20 za maji, itazame tena uone imesema maji kiasi gani kwa ekari, maana kipimo hicho kilihesabiwa kwa maji hayo. Tena viazi vikikua majani huongezeka na maji yatahitajika zaidi. Basi rudia kupima.

NOZO

Nozo ni kitu kidogo chenye bei ndogo kuliko vyote katika pampu, na ndicho kinachoharibu kazi kuliko vyote. Ile ya shaba huchakaa upesi, ya kauri hudumu zaidi. Tundu likipanuka, dawa hutoka nyingi na matone hayawi sawa. Nunua nozo mpya moja uiweke iwe ya kulinganisha. Nozo ya zamani ikitoa zaidi ya mpya kwa sehemu moja katika kumi, itupe. Kama mpya yatoa mililita 800 na ya zamani yatoa 880, siku zake zimekwisha.

Ikiziba, usiichokoe kwa waya, sindano wala mwiba, maana utalipanua tundu. Usiipulize kwa mdomo kwa hali yoyote. Ioshe kwa maji na mswaki wa zamani ambao hautarudi nyumbani tena.

KIBARUA NA MALIPO YAKE

Hapa tunataka kusema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Ukimlipa kijana wa kupiga dawa kwa hesabu ya mitungi, umemfundisha kumaliza mitungi. Atapanua nozo, atatembea polepole mahali pa karibu na maji, na mitungi itakwisha upesi. Ukimlipa kwa siku na kumwacha peke yake, atachoka adhuhuri, mapigo ya mpini yatalegea, na sehemu ya juu ya shamba itabaki bila dawa. Si kwa sababu ni mwovu. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20 na zaidi, na jua ni kali.

Mlipe kwa eneo alilolipiga vizuri. Mpe jagi na saa, umwonyeshe kupima, umruhusu kupumzika kila baada ya mitungi michache. Mpe glavu, buti na kifunika uso. Mtoto asiibebe pampu hata kama ni wako. Aliyechoka hawezi kutuliza presha, na asiyefundishwa hajui kwamba imepotea.

WATAKAOPINGA

Wako watakaosema, "Shamba langu ni ekari moja na nusu, sina haja ya mambo ya kitaalamu." Mwenye ekari moja na nusu ndiye asiyeweza kupoteza hata mstari mmoja. Wako watakaosema hawana geji. Jagi na saa vyatosha kuanza, maana maji yanayotoka kwa dakika yatakuonyesha kama presha imebadilika.

Na wako watakaosema, "Tununue pampu ya mota, yenye nguvu, tuache habari ya mkono." Pampu ya mota yapunguza uchovu, na mwenye shamba kubwa anaihitaji. Lakini mota haijui presha iliyo sawa. Ukiiwasha bila kuipima, itafanya kosa lile lile kwa haraka zaidi na kwa kutumia petroli.

HASARA ILIYOKO MBELE YETU

Kwa nini tunalikazia jambo hili? Kwa sababu hasara yake haiishii katika chupa moja ya dawa.

Fikiri habari ya kupe. Yule kupe wa masikio ndiye anayeeneza ndigana, ugonjwa unaoweza kumuua ng'ombe wa maziwa wa gredi kabla hujalipa deni lake. Ng'ombe akipigwa kwa pampu inayodondosha, dawa hulowesha mgongo, na haifiki ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele. Kupe walioonja dawa kidogo bila kufa ndio wanaozaa kizazi kigumu. Katika miaka ya 1930 huko Afrika Kusini kupe wa buluu walianza kuizoea dawa ya aseniki, na wafugaji wakalazimika kutafuta nyingine. Tangu hapo dawa nyingi zimepita njia hiyo. Hatuna dawa mpya zisizo na mwisho.

Fikiri pia habari ya mishiri. Mwezi wa Januari 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kutaka mizigo 10 katika kila 100 ya maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya ipimwe mabaki ya dawa. Mpimaji wa huko hatazami wastani wa shamba lako. Akichukua maganda kutoka mstari uliolewa dawa, mzigo wote umekwisha, pamoja na ule wa majirani uliochanganywa nao. Mkulima mmoja mwenye presha inayopanda na kushuka aweza kuwafungia soko wenzake wote wa kikundi.

TUFANYE NINI

Twashauri kila kikundi na kila chama cha ushirika katika mashamba yetu kifanye mambo manne kabla ya mvua zijazo. Kwanza, kinunue jagi la kupimia, geji moja ya presha, na nozo za akiba, vitunzwe mahali pamoja. Pili, ichaguliwe siku moja ambayo kila mtu ataleta pampu yake, aipime kwa maji mbele ya wenzake, na namba ziandikwe kitabuni. Tatu, aitwe Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kaunti awepo siku hiyo, si kutoa hotuba, bali kupima pamoja nasi. Nne, pampu isiyotulia isitumike katika shamba la mtu yeyote mpaka itengenezwe.

Wenye maduka nao wana wajibu. Anayeuza pampu auze na washa zake, na mipira yake, na nozo zake. Mkulima asiyepata kipuri cha shilingi chache hulazimika kufunga hosi kwa kitambaa, na kitambaa hakishiki presha.

Nasi wakulima tuache kujisifu kwa ukali wa pampu. Husikika watu wakisema sokoni, "Pampu yangu inapiga mbali, inavuka ua." Dawa iliyovuka ua haiko shambani kwako tena. Pampu ya kusifiwa ni ile ambayo mtungi wa kwanza na mtungi wa mwisho vimetoa dawa sawa, kwa mkono uliotulia, juu ya majani yaliyokusudiwa. Itoe pampu yako ghalani leo, uioshe, ujaze maji, ushike saa, na uandike namba tatu za kwanza.